Tafakari ya Juma: Mgahawa Mdogo na Ujira wa Mhudumu



Wapendwa waamini, tangu Serikali yetu ya Tanzania ilipotangaza mwezi Oktoba 2025 kwamba kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kingepanda kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kauli moja imekuwa ikirudiwa na watu wengi, tena watu wema. Wanasema kwamba migodi itaweza, benki zitaweza, lakini mgahawa mdogo hauwezi. Ukimlazimisha mama mwenye meza sita kulipa mshahara wa kisheria, wanasema, atafunga mlango, na wale wasichana mnaojifanya kuwatetea watarudi kwao mikono mitupu. Kauli hiyo ina sura ya huruma, na ndiyo sababu tunaona yafaa kuijibu kwa kirefu. Kwa maoni yetu ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki imefichwa ndani ya sahani tunayokula sisi wenyewe.

Hatumzungumzii hapa mama lishe apikaye peke yake chini ya mwembe, akisaidiwa na binti yake baada ya masomo. Huyo hana mwajiriwa; yeye mwenyewe ndiye mfanyakazi, na mara nyingi ndiye wa mwisho kula. Tunamzungumzia mwenye chumba cha kupanga kando ya stendi, sokoni au karibu na ofisi za halmashauri, mwenye wapishi na wahudumu watatu, wanne au sita, ambao hufika saa 11 alfajiri kuwasha mkaa na kukanda unga wa chapati, na kuondoka saa 2 usiku baada ya kusugua sufuria ya mwisho. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni kama shilingi 5,770 kwa siku. Mahali ambapo sahani ya wali na maharage huuzwa shilingi 2,500, mtu aliyebeba sahani tangu asubuhi hadi usiku alikuwa akipata thamani ya sahani mbili na chenji kidogo. Hicho ndicho kiwango kilichosemekana kuwa kizito mno, na amri mpya ilipofika wapo waajiri waliokuwa hawajakifikia hata hicho cha zamani.

Tena tusisahau kwamba kiwango hicho kilipangwa kwa saa za kazi za kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa juma, zisizozidi tisa kwa siku, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Atakayehesabu saa kati ya alfajiri na saa 2 usiku atajionea mwenyewe jinsi mshahara ule unavyopungua kabla haujafika mkononi.

Sasa tutazame namna fedha inavyotoka katika mgahawa huo. Mwuza mkaa hulipwa asubuhi, na asipolipwa hashushi gunia. Mwenye mchele hulipwa, na bei yake ikipanda hakuna anayemwambia apunguze kwa kuwa biashara ni ngumu. Mwenye nyumba hulipwa kodi ya pango ya miezi sita, mara nyingine ya mwaka mzima, kabla hata jiko la kwanza halijawashwa. Mtungi wa gesi haujui habari za msimu mbaya. Katika orodha hiyo yote ni mmoja tu anayeambiwa asubiri, aelewe, avumilie hadi mwezi ujao, naye ni yule binti aliyesimama kutwa nzima. Mchele hauna subira, kwa hiyo hulipwa; binti ana subira, kwa hiyo halipwi. Torati ya Musa ilikwisha kuliona jambo hili: iliagiza kibarua maskini apewe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua, kwa sababu ameuwekea moyo wake. Naye Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia unapaza sauti, na sauti hiyo inasikika mbinguni.

Lakini tusiishie katika kulaumu. Wanaosema haiwezekani wanastahili kuoneshwa hesabu. Tuchukue mfano wa mgahawa unaouza sahani 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, wenye wafanyakazi wanne. Tuseme kila mmoja aongezewe shilingi 50,000 kwa mwezi, na juu yake mwajiri aweke asilimia 10 kwa ajili ya mchango wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Nyongeza yote ni shilingi 220,000. Sahani za mwezi ni 2,600. Ukigawa, unapata takriban shilingi 85 kwa kila sahani. Hata nyongeza ikiwa shilingi 100,000 kwa kila mmoja, sahani haipandi zaidi ya shilingi 170. Tuufanye mgahawa kuwa mdogo zaidi: sahani 30 kwa siku na wafanyakazi wawili. Nyongeza ya shilingi 50,000 kwa kila mmoja, pamoja na mchango huohuo, inakuwa shilingi 141 kwa sahani. Yaani mteja aliyelipa shilingi 2,500 angelipa 2,600, au 2,650. Mafuta ya kula yakipanda huongezewa zaidi ya hapo, naye hula.

Kwa hiyo swali la kama mgahawa mdogo unaweza kulipa limeulizwa kwa mtu asiyehusika peke yake. Mgahawa haulipi kwa fedha iliyoshuka kutoka mbinguni. Hulipa kwa fedha ya mlaji. Swali halisi ni kama sisi tulao tuko tayari kuongeza shilingi mia moja ili aliyetupikia naye ale, na kama mwenye mgahawa, akisha kuipokea mia hiyo, ataifikisha inakopaswa kufika.

Tutaambiwa mara moja kwamba mama huyu akipandisha bei peke yake, wateja watavuka barabara na kula kwa jirani. Hoja hii ni ya kweli, na hatuidharau. Lakini inathibitisha kinyume cha kile inachotumiwa kuthibitisha. Kama mwema mmoja hawezi kulipa haki kwa sababu jirani yake hailipi, basi dawa ni sheria inayowabana wote wawili siku moja, ili mashindano yawe katika ladha ya mchuzi na usafi wa meza, yasiwe katika kumnyima mpishi. Hiyo ndiyo kazi ya kima cha chini. Kinachoharibu ni amri iliyoandikwa na isiyokaguliwa, kwa maana humwadhibu anayeitii na kumpa tuzo anayeikwepa.

Jambo hili limewahi kupimwa kwingineko, hasa katika biashara ya chakula. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey, nchini Marekani, lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku jimbo jirani la Pennsylvania likibaki palepale. Wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili, na katika andiko lao la mwaka 1994 hawakuona kwamba ajira ilipungua New Jersey. Waliona bei ya mlo imepanda kidogo. Wapo wachumi waliowapinga kwa takwimu nyingine, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi. Card alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021. Hatusemi kwamba migahawa ile mikubwa yenye matawi ni sawa na meza sita za stendi yetu. Tunasema tu kwamba wale wanaotabiri kufungwa kwa milango kana kwamba ni kanuni ya maumbile, wasiitabiri kwa uhakika mkubwa namna hiyo.

Hoja nyingine husikika kwa sauti ya chini zaidi: binti alikubali mwenyewe, tena anakula na kulala bure. Baba Mtakatifu Leo XIII aliijibu hoja hii tangu tarehe 15 Mei 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba juu ya mapatano yo yote kuna haki ya asili iliyo kubwa zaidi, yaani ujira usipungue kile kinachomtosha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Na anayekubali pungufu kwa kuogopa njaa hakukubali, bali ameonewa. Hatustaajabu kwamba Baba Mtakatifu aliyechaguliwa Mei 2025 alieleza kuwa alichagua jina la Leo kwa kuukumbuka hasa waraka huo. Na huko kula na kulala bure, ni nani kati yetu angekubali mshahara wake ulipwe kwa ukoko wa wali na mkeka jikoni, na kisha akatwe sahani ikivunjika, au mteja akiondoka bila kulipa?

(Wapo pia wanaoutumia mfano wa mwenye shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Mathayo, kusema kwamba mwenye mali hulipa apendavyo. Wausome tena. Mwenye shamba yule alitumia uhuru wake kumwongezea aliyechelewa. Hakumpunguzia hata mmoja dinari ya siku.)

Hata hivyo iko nusu ya kweli katika kauli tuliyoanza nayo, na Kanisa halikuificha. Papa Pio XI, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alisema wazi kwamba si haki kudai ujira utakaoiangusha biashara na kuwaangusha wafanyakazi pamoja nayo. Wengi husoma mpaka hapo, wakafunga kitabu. Lakini yeye aliendelea. Uzembe wa mwenye biashara, au kutotaka kujifunza, si sababu halali ya kumpunguzia mtu ujira. Na ikiwa biashara inaelemewa na mizigo isiyo ya haki, au inalazimishwa kuuza kwa bei iliyo chini ya haki, basi hatia nzito iko kwa wale wanaoielemeza, maana ndio wanaomnyang'anya mfanyakazi. Tuwatafute basi hao, maana wako karibu.

Yuko mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Yuko mkopeshaji wa ile mikopo ambayo watu wetu wameipa jina lake stahiki, kausha damu, anayepita kila jioni kuchukua rejesho kabla mhudumu hajapewa nauli. Mama hawa wangepaswa kukopeshwa kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo katika mgawo wake 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Viongozi wa jumuiya wawasaidie kuunda vikundi na kujaza fomu badala ya kuwaachia mkopeshaji wa jioni. Yuko pia mtumishi mwenye mshahara na kiyoyozi, anayekula kwa daftari mwezi mzima na ikifika tarehe ya kulipa anapita barabara ya nyuma. Deni la mlaji huyo halikai kwa mwenye mgahawa. Linateremka mpaka kwa yule aoshaye vyombo, na hapo ndipo linapolipwa.

Na zipo kamati zetu za sherehe. Ikifika Komunyo ya Kwanza, Kipaimara au jubilei, mpishi huitwa, hutaja bei ya sahani, na ndipo majadiliano huanza kana kwamba tuko mnadani. Hupunguzwa mia tano, kisha mia tano nyingine, na mwenyekiti hushangiliwa kwa kuokoa fedha za kanisa. Mpishi hukubali kwa kuwa ana njaa ya kazi. Bei ya nyama haikupungua hata senti, wala ya mchele, wala ya kukodi viti. Kilichopunguzwa katika majadiliano yale ni malipo ya wasaidizi wanane watakaomenya vitunguu usiku kucha, nao hawakuwamo chumbani.

Kwa wenye migahawa walio waamini wetu tuna neno moja. Kabla ya kusema huwezi, fungua daftari. Wengi hawana daftari. Fedha ya mauzo, ada ya mtoto, mchango wa harusi na mtaji wa kesho vyote viko katika mfuko mmoja wa kitenge, na mwisho wa mwezi hukuta mfuko mtupu, wakahitimisha kwamba biashara haina faida. Andika mauzo ya kila siku, andika manunuzi, jilipe wewe mwenyewe mshahara unaojulikana, kisha utazame kilichobaki. Ukikuta kweli hakitoshi, waoneshe wafanyakazi wako hesabu hiyo, nao watakuelewa kuliko unavyodhani. Nunueni mchele na mafuta kwa pamoja, wanne au watano, kwa bei ya jumla. Aliyekaa nawe miaka mitatu hapotezi chakula, haungui wali, huwajua wateja kwa majina yao. Anayeondoka kila baada ya miezi miwili kwa kukosa mshahara hukugharimu ingawa hukuandika.

Kamati za Kipaimara za mwaka huu zitakapokaa kupanga chakula, tunaomba bei ya sahani isijadiliwe mpaka mpishi ameulizwa atawalipa wasaidizi wake kiasi gani kila mmoja, na jibu lake liandikwe katika mkataba pamoja na idadi ya sahani na kilo za nyama. Siku ya sherehe mweka hazina wa kamati awalipe wasaidizi hao mkononi, mbele ya mpishi, jioni ileile kabla magari ya wageni hayajaondoka.