Wachungaji wa Huku na Wachungaji wa Kwetu



Wengi wetu tulioko Uingereza tumekwenda Lake District kupunga upepo. Vilima, misitu na maziwa yale ni hifadhi ya taifa tangu 1951, na ndani yake wanaishi watu wapatao 40,000. Mwaka 2017 UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa ufugaji: mchungaji na kondoo wake ndio walioipa nchi ile sura yake. Hakuna anayemwambia ahame ili mandhari ipone.

Sasa tutazame kwetu, Ngorongoro. Nako kuna vilima, misitu na maziwa, na nako kuna wachungaji. Mwaka 1959 Wamaasai walitolewa Serengeti wakapewa Ngorongoro waishi humo na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Gavana wa kikoloni aliwaahidi kwamba maslahi yakigongana, ya watu yatatangulia. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Basi mbona Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani kupinga? Na hiyari gani, ikiwa wakazi wanalalamika kwamba zahanati na shule zao zinanyimwa fedha?

Wapo wenzetu wanaosema, "Watu wamezidi." Ni kweli, wameongezeka kutoka kama 8,000 mwaka 1959 hadi kukaribia au kupita 100,000, na jambo hilo linataka mipango. Lakini mipango hupangwa pamoja na mwenye nyumba, si nyuma ya mgongo wake. Tena mbona hesabu inaishia kwenye maboma na ng'ombe? Hoteli zilizo ukingoni mwa kreta na misururu ya magari ya watalii, hizo hazina uzito?

Mwaka 2010 UNESCO iliiongezea Ngorongoro heshima kwa ajili ya historia ya binadamu, zikiwamo nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Nyayo za waliokufa zinalindwa; za walio hai zinaonyeshwa njia ya kutokea.

Ndugu zetu, tunaporudi likizo na pauni zetu tukateremka kreta kupiga picha, tumuulize anayetupokea: wenyeji wako wapi, na nani aliwauliza? Tusikubali kwamba ufugaji wa Mzungu ni urithi, na wa Mmaasai ni uharibifu.