Je, Muziki wa Mashine ni Uvivu?



Sikukusudia kuandika neno. Muhula uliopita nilikuja shuleni kutazama mpira tu, lakini mvua ikatuingiza sote katika jumba kubwa, na humo nikakuta mdahalo wa Chama cha Muziki. Hoja ilikuwa hii: "Muziki wa mashine ni muziki wa wavivu." Hoja ikashinda kwa kura nyingi. Halafu, jambo la ajabu, Mwenyekiti yule yule akasimama akatangaza kwamba akiba ya Chama itanunua kompyuta yenye programu ya midundo iliyokwisha kutayarishwa, kusudi bendi ya shule isihangaike tena kutafuta mpiga ngoma. Mkampigia makofi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijibishana nanyi peke yangu karakanani. Nadhani mlikosea katika kura, na mlikosea tena katika makofi. Leo naomba kuwaeleza habari za Wajerumani wachache na santuri zao, maana wao walilikabili jambo hili zamani, wengi wenu hamjazaliwa.

Lakini sina budi kwanza kukiri kosa langu. Mwaka 1987 nilikuwa kidato cha tatu katika shule hii. Mwalimu wetu wa fizikia aliniona napenda kufungua redio mbovu, akaniazima kanda ya muziki iitwayo Phaedra, ya kundi la Tangerine Dream la Berlin. Niliisikiliza bwenini pamoja na wenzangu kwa dakika tano hivi. Tukasikia kama upepo, kama vyuma, kama maji yanayokaribia kuchemka. Mwimbaji hakuna, ngoma hakuna. Tukacheka sana. Jumapili yake nikanasa juu ya kanda ile ile nyimbo za dansi za Kongo kutoka redioni, upande mzima. Nilipoirudisha, Mwalimu hakunipiga wala hakunipeleka kwa mkuu wa shule. Aliniuliza tu nilifika dakika ya ngapi. Nikasema ya tano. Akasema, "Basi ulikuwa bado uko barazani," akashika njia yake.

Mwalimu huyo amekwisha kufariki. Kanda sikuwahi kumlipa. Nilipokwisha kuwa fundi wa redio, na umri wangu wapata miaka thelathini, niliipata santuri ile kwa mtu mwingine, nikaisikiliza usiku mmoja mpaka mwisho. Halafu nikaigeuza, nikaanza upya. Ndipo nilipoanza kutafuta habari za watu wale.

Wengi wao walikulia katika nchi iliyobomolewa na vita na kutiwa aibu na matendo ya serikali yake. Nyimbo tamu za wazee wao hawakuzitaka. Nyimbo za Waingereza na Wamarekani walizipenda, wakazipiga, kisha wakachoka kuwa kivuli cha watu wengine. Mwaka 1968 Conrad Schnitzler na Hans-Joachim Roedelius pamoja na wenzao walifungua ukumbi katika Berlin ya Magharibi ulioitwa Zodiak, chumba kimoja kimepakwa rangi nyeusi na kingine nyeupe. Humo mtu yeyote aliweza kupiga chochote. Ukumbi wenyewe haukudumu sana, walakini Tangerine Dream walipitia humo, na baadhi ya wengine niwatajao hapa chini walijuana katika mji huo huo. Waandishi wa Uingereza baadaye waliuita muziki wao kwa jina la kabichi, ambalo askari wa Kiingereza walilitumia kuwadharau Wajerumani wakati wa vita. Jina la dharau limedumu mpaka leo, na sitalitumia.

Sasa tazameni vifaa walivyokuwa navyo, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu nanyi.

Klaus Schulze alikuwa mpiga ngoma. Ndiye aliyepiga ngoma katika santuri ya kwanza ya Tangerine Dream, mwaka 1970. Mwaka 1972 alitoa santuri yake mwenyewe, Irrlicht, na watu wengi wakiisikia huapa kwamba imejaa sinthesaiza, yaani mitambo ya kuunda sauti kwa umeme. La hasha! Hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na kinanda cha umeme alichokichokoachokoa ndani mpaka kikatoa sauti ambazo mtengenezaji wake hakuzikusudia. Alikuwa na amplifaya mbovu ya gitaa. Alikuwa na kanda ya okestra iliyonaswa ikifanya mazoezi, akaigeuza ikaenda kinyumenyume, akaichuja. Vitu hivi vitatu, na saa nyingi za kukaa kimya na kusikiliza. Mimi ni fundi, na nawaambieni kwa kazi yangu: kukichokoa kinanda mpaka kilie hivyo bila kukiua si kazi ya mvivu.

Nije kwenye Phaedra niliyoifuta. Ilinaswa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1973, ikatoka Februari 1974. Wapigaji walikuwa watatu: Edgar Froese, Chris Franke na Peter Baumann. Walikuwa na mtambo mkubwa wa Moog, na pamoja nao sikwensa, yaani kifaa kinachotoa volteji kadhaa kwa zamu, kila volteji ikawa noti moja, kisha huzirudia noti zile mpaka mtu akizime. Mtasema, haya, si ndiyo programu yetu ya midundo hiyo? Ngojeni. Katika mitambo ya siku zile sauti huzaliwa na saketi za transista, na transista ikipata joto, umeme upitao ndani yake hubadilika, na sauti hupanda au kushuka yenyewe. Kuusawazisha mtambo ule kulikula saa nyingi, na baada ya kusawazishwa uliweza kupotea tena. Wimbo mkubwa wa santuri ile, wenye dakika kama 17, ulitokana na majaribio yaliyonaswa studioni. Mtambo ulikuwa ukipata joto, noti zikaanza kuhama. Fundi mwingine angeuzima aanze tena. Wao waliacha kanda iendelee, wakaufuata mtambo kama mtu afuataye ng'ombe anayejua njia ya mtoni, na kule kuhama mnakusikia mpaka leo karibu na mwisho wa wimbo. Tena upande wa pili kuna kipande ambacho Froese alikipiga kwa melotroni, kinanda ambacho kila kibao chake huvuta utepe wenye sauti ya sekunde kama nane tu kisha hukatika. Alipokuwa akipiga, mkewe Monique alikaa kando akizungusha vifundo vya kubadili sauti. Mke na mume, mikono minne. Hapo mashine gani imefanya kazi peke yake?

Kraftwerk wa Düsseldorf mnawajua zaidi, kwa hiyo sitakawia. Santuri yao Autobahn ya mwaka 1974 ni safari ya motokaa ya dakika zaidi ya 22, na ndani yake, pamoja na sinthesaiza, mna filimbi na gitaa. Ngoma za umeme za kununua zilizowaridhisha hawakuzipata, basi wakajiundia: mabamba ya chuma yenye nyaya, na fimbo za chuma zenye nyaya. Fimbo ikigusa bamba, saketi hufunga na sauti hulia. Mwanafunzi yeyote wa fizikia wa kidato cha pili anaweza kuichora saketi hiyo ubaoni.

Yupo mmoja ninayempenda kuliko wote, naye ni Manuel Göttsching, mpiga gitaa wa Berlin. Tarehe 12 Desemba 1981 alikuwa nyumbani kwake, ametoka safarini kupiga muziki pamoja na Schulze, na alikuwa na safari ya ndege kwenda Hamburg. Akataka kitu cha kusikiliza njiani. Akawasha mitambo yake, akapiga muda wa karibu saa moja bila kusimama, mara moja tu, hapana kurudia. Nusu ya kwanza ni sauti mbili zinazopokezana na midundo inayobadilika kidogo kidogo. Nusu ya pili anashika gitaa. Alipousikiliza hakuona kosa la kusahihisha. Akauweka mpaka mwaka 1984, ndipo ukatoka kwa jina la E2-E4, ambalo ni hatua ya kwanza wanayoipenda wacheza sataranji. Watu hudhani ni bahati. Mimi nasema ni miaka zaidi ya kumi ya mazoezi iliyokutana na jioni moja.

Katika mdahalo kijana mmoja alisema kwa ufasaha kwamba muziki kama huu si kitu kwa kuwa "unarudiarudia." Nilitaka kuinua mkono. Ndugu yangu, hapa kwetu Uganda amadinda hufanya nini? Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anatia noti zake katika nafasi za mwenzake, wanazunguka duara lile lile, na baada ya kitambo masikio yako yanasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga. Sisemi Wajerumani walijifunza kwetu. Nasema tu kwamba Muganda aliyezoea amadinda hana haki ya kumcheka Göttsching kwa kurudia.

Wala sitaki mnidhanie kwamba nasifu kila kitu chao. Zeit, santuri ya Tangerine Dream ya mwaka 1972, ina nyimbo nne, kila mmoja umeshika upande mzima, na ijapokuwa wapiga selo wanne walioalikwa wanaanza vizuri sana, mimi hulala upande wa tatu. Na miaka ya baadaye, mitambo ilipokuwa rahisi na vitufe vikawa vingi, kundi hilo hilo lilitoa albamu nyingi mno, na nyingine zanukia haraka. Hili latia nguvu hoja yangu, wala haliipunguzi.

Tena kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika mdahalo. Mnafikiri muziki huu ni wa Wazungu waliokaa vyumbani. Lakini mwaka 1982 vijana weusi wa Bronx, mjini New York, wakiongozwa na Afrika Bambaataa, walichukua sauti ya Trans-Europe Express ya Kraftwerk, iliyotoka 1977, wakaunda juu yake Planet Rock, wimbo uliowachezesha watu dunia nzima. Na vijana weusi wa Detroit nao wakaitega sikio ile ile mitambo ya Düsseldorf wakazaa muziki wao. Nusu ya nyimbo mnazocheza katika simu zenu zina damu ya mitambo ile. Basi mlipopiga kura ya kuulaani muziki wa mashine, mliwalaani na hao.

Nirudi kwenye fedha za Chama. Mimi sikatai kompyuta. Schulze na Froese wangalikuwa nayo wangaliitumia, na walipozipata walizitumia. Ninachokataa ni kununua midundo iliyokwisha kupikwa na mtu msiyemjua, ambaye hajapata kusikia nyayo za watu wakitoka kanisani hapa kwetu wala mvua ikipiga bati la bwalo letu. Mtakuwa mmemfukuza mpiga ngoma wenu, kijana yule wa kidato cha nne ambaye mkono wake niliuona mwenyewe, mkaweka mahali pake mpiga ngoma asiyesikia. Huo ndio uvivu hasa, na hauko ndani ya mashine.

Shauri langu ni hili. Nunueni kinasa sauti kimoja kizuri na maikrofoni mbili. Muhula mzima msitumie mdundo wowote ambao hamkuunasa wenyewe: geti la shule, mashine ya kusaga, amadinda, sauti zenu. Zigeuzeni, zichelewesheni, zirudieni. Mwisho wa muhula mfanye mdahalo ule ule tena, na nitakuja hata kama hakuna mpira.

Na kwa kuwa nina deni la kanda moja katika shule hii, naongeza kitu. Karakanani kwangu nina kinanda cha umeme cha zamani. Vibao vitatu havilii, na sauti za chini hupanda kikipata joto baada ya nusu saa. Sijakitengeneza, na sasa nadhani sitakitengeneza. Mwenyekiti alete vijana wawili wenye nguvu Jumamosi yoyote kabla ya saa sita, waje na kamba na blanketi la kukifunikia, maana njia yetu ina vumbi.

Mwanafunzi wa Zamani