Nduthi yako, gereji ya chupa na wembe: Kata gharama ya fundi, usikate sevisi

UKIPITA Jumapili asubuhi kwenye ploti za Kayole, Githurai au Mlolongo, huenda ukaisikia spana ikianguka kwenye simiti kabla spika za kanisa hazijawashwa. Jamaa amechuchumaa kando ya nduthi, oili imempaka hadi kiwikoni. Karibu naye kuna mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa ubavu, mswaki mkuukuu, na simu iliyoegemezwa kwenye tofali ikicheza video. Huyo si fundi. Ni mwenye pikipiki aliyepiga hesabu akaona haziingiani.

Hesabu hiyo ina historia. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizofika 250cc, na kuanzia hapo bodaboda ikageuka ajira ya kwanza ya vijana wengi waliomaliza shule na kukosa pa kwenda. Miaka 15 baadaye, Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ilifika Sh217.36. Bei ilishuka baadaye, lakini uliza yeyote stejini kama nauli ilipanda kwa kiwango hicho. Abiria wa hamsini bado anataka kulipa hamsini, na akipandishiwa anatembea.

Sasa tazama unachoweza kupunguza. Mkopo unakatwa kila siku, upate abiria usipate. Petroli huwezi kuipunguza, labda ulale nyumbani. Bima ni sheria. Kilichobaki ni fundi na sevisi, na hapo ndipo wengi wetu tunakosea: badala ya kukata gharama ya sevisi, tunakata sevisi yenyewe. Oili iliyofaa kubadilishwa mwezi jana inasukumwa hadi mwezi ujao. Cheni inalia kama paka, tunaongeza sauti ya redio.

Tuseme fundi anakutoza Sh200 za mkono tu, bila vipuri, na unamwendea mara mbili kwa mwezi. Hiyo ni Sh4,800 kwa mwaka, kwa kazi ambazo nyingi zinahitaji spana tatu nne (10, 12, 14 na 17 zinafungua sehemu kubwa ya pikipiki hizi ndogo) na vitu ambavyo tayari viko jikoni kwenu.

Anza na rahisi. Mtungi wa lita tano ulale ubavu, kata upande wa juu, umepata bakuli la kukingia oili. Injini nyingi za nduthi zetu hubeba lita moja hivi, kwa hivyo haitafurika. Shingo ya chupa ya soda ni faneli. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro, tafadhali. Kuna wenye vibanda wanaoitafuta wapake nguzo zao zisiliwe na mchwa.

Cheni inasafishwa kwa mafuta ya taa na mswaki. Si petroli: cheche moja na asubuhi yako imeishia hospitalini. Ikikauka, ipake oili nzito ya giaboksi na ufute inayozidi. Ulegevu wake unaupima kwa rula ya shule, katikati ya upande wa chini. Pikipiki nyingi ndogo hutaka ichezee kama milimita 20 hadi 30, lakini kitabu chako ndicho chenye neno la mwisho. Ukishaisogeza gurudumu la nyuma, usiziamini sana zile alama za pembeni. Chukua uzi wa fundi wa nyumba, uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, kisha vuta ncha zote mbili hadi mbele, kila moja upande wake, zikigusa tairi la nyuma bila kupinda. Kwa sababu tairi la mbele ni jembamba, uzi utaacha nafasi kidogo kila upande. Nafasi zikilingana, magurudumu yako yamenyooka. Zisipolingana, umegundua kwa nini sproketi zako huisha haraka.

Kebo ya klachi ikiwa nzito, video za ng'ambo zitakuambia utumie kona ya mfuko wa plastiki. Sisi mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo kata kipande cha tyubu ya baiskeli. Kivishe ncha ya juu ya kebo, funga kwa uzi, mimina oili kidogo ndani, ning'iniza usiku kucha. Asubuhi ukiona imedondoka upande wa chini, kazi imekwisha.

Vipimo navyo? Hapa ndipo watu hudhani lazima wanunue vifaa vya bei. Bledi ya kawaida ya msumeno wa chuma ina unene wa kama milimita 0.6 na kitu, karibu sawa na pengo la plagi ya pikipiki nyingi ndogo. Ikipita kwa kubana kidogo, uko sawa. Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa karibu milimita 0.1, ndiyo maana utawaona mafundi wakiuchomeka kwenye valvu. Lakini wembe unajua kipimo kimoja tu. Kama kitabu kinasema valvu ya kuingiza hewa iachwe na nusu ya hapo, wembe hautakusaidia, na valvu iliyobana kupita kiasi haifungi vizuri, inaungua. Kwa kazi hiyo changeni pesa stejini mnunue kipimo halisi kimoja cha watu wote. Na injini iwe baridi, si umetoka tu kushusha abiria.

Kuna kifaa kimoja ambacho ningekuomba ukitengeneze kabla ya vingine vyote, na nitakueleza kwa nini. Mara ya kwanza nilipojibadilishia oili, niliikaza ile bolti ya chini ya injini hadi nikasikia raha moyoni. Nikaongeza robo, kwa usalama. Ikalegea ghafla mkononi, laini kama kijiko kwenye uji. Bolti ni chuma, injini ni aluminiamu, na kati ya hao wawili anayekufa meno ni injini. Nilienda kuchongewa meno mapya, na pesa niliyolipa ingenibadilishia oili karibu mwaka mzima. Fundi hakunicheka, ila aliita wenzake waje waone.

Sikuwa nimekosa nguvu, nilikosa kipimo. Spana maalumu ya kupima nguvu ya kukaza ni ghali, lakini kinachofanywa na spana hiyo ni hesabu ya kidato: nguvu mara urefu. Tafuta mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, ile ya kupimia mizigo au samaki. Ihakikishe kwanza kwa kuning'iniza pakiti ya unga ya kilo mbili. Isiposoma kilo mbili, irudishe ulikoitoa. Kisha pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti hadi mahali utakapofunga ndoano kwenye spana. Vuta polepole, mizani na spana zikiwa zimekaa kama herufi L. Mizani ikisoma kilo 10, umekaza kwa kilo-mita 2, yaani karibu nyutoni-mita 20. Kitabu kikitaka zaidi, ongeza kilo. Kikitaka kidogo, punguza. Kifaa hiki hakipendezi machoni na majirani watakuuliza kama umeanza kuuza nyama. Mwache aulize. Bolti yako haitavuja na haitakufa.

Kuna mpaka, hata hivyo, na naona unavukwa kila siku. Kubuni kifaa ni kitu kimoja, kubuni kipuri ni kingine. Kifaa kibaya kikishindwa, unapoteza Jumapili. Kipuri cha kubuni kikishindwa, uko katikati ya barabara kuu, lori liko nyuma na una abiria. Waya mahali pa klipu ya cheni, hapana. Oili ya injini kwenye tangi la breki kwa sababu ile yake imeisha, hapana kabisa: inavimbisha mipira ya ndani na breki inakuacha siku isiyo na taarifa. Spoku iliyovunjika usiifunge kwa waya uende nayo "wiki hii tu". Hata vijiko vya kufungulia tairi mimi siviungi mkono, si kwa sababu ya hatari, ni kwamba vinauma tyubu na unaziba pancha moja ukizalisha mbili. Nenda Gikomba au Kamukunji, mwambie wa jua kali akupondee vipande viwili vya nondo, avinyoe ncha hadi ziwe laini.

Utaniambia nawanyima mafundi kazi. Fundi wa maana hataki kushinda akisafisha cheni yako. Anataka umletee injini iliyofungwa na mtu asiyeua bolti, afanye ile kazi ambayo wewe huiwezi, na umlipe vizuri kwa hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kule tunakoelekea. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa usafiri wa umeme jijini Mombasa, na ile ile Sheria ya Fedha iliyopandisha ushuru wa petroli ndiyo iliyoziondolea VAT pikipiki za umeme. Ni habari njema kwa mfuko: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna valvu. Breki, tairi na uzi wako wa kunyoosha magurudumu bado vina kazi. Lakini nduthi ikizima na taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, jibu liko ndani ya kompyuta, na aliye na ufunguo wa kompyuta hiyo mara nyingi si wewe wala si fundi wa stejini. Betri nayo katika mipango mingi ya kubadilisha betri si mali yako, unaikodi.

Hata za petroli, baadhi ya mikataba ya mkopo inakuzuia kufungua chochote hadi umalize kulipa, na wengi husaini bila kufika ukurasa huo. Kwa hivyo kabla hujaweka kidole, iwe ya umeme au ya petroli, muulize muuzaji maswali matatu mbele ya mtu mwingine. Nani anaruhusiwa kuifungua? Vipuri vinauzwa dukani kwa kila mtu au ni kwao tu? Na kitabu chenye vipimo kiko wapi? Mwambie akufungulie ukurasa wa nguvu za kukaza bolti, uupige picha pale pale kaunta kabla ya kutoa amana.