Kabla Ulipe Fundi wa Sola, Kaa Nje Uangalie Kivuli

Nianze kwa kukiri. Januari niliweka hapa video ya paneli sita zikimetameta juu ya mabati ya mamangu kule Rongai, nikajipiga kifua kwamba sisi na giza tumeachana. Kile sikuwaambia ni kwamba fundi alitupunguzia elfu kumi na tano ili nimtaje. Watu wawili mlimpigia simu kupitia kwangu. Mmoja wenu aliniandikia juzi kutoka Kitengela, na sikujua nimjibu nini. Hili ndilo jibu.

Mama huuza mtindi na kuku wa kuchinjwa. Friza ndiyo duka lake. Alikopa chama 240,000, na chama hakijui habari ya mawingu, kila mwezi kinadai. Julai stima ilipotea siku mbili. Betri ilikuwa haijajaa kwa wiki kadhaa, ikazima usiku wa kwanza. Kuku arobaini wa oda ya harusi wakaharibika. Tuliwazika nyuma ya nyumba, na mama hakusema neno, jambo ambalo kwa wanaomjua ni kubwa kuliko kelele.

Tulipompigia fundi alisema, "Mama, hii ni baridi ya Julai tu, vumilia kidogo." Na kweli Nairobi na viunga vyake Julai ni mawingu matupu, kwa hivyo uongo wake ulikuwa na nusu ya ukweli. Lakini ikaja siku moja ya jua kali. Saa sita mchana nikaangalia kioo cha inveta: wati 300. Januari saa hiyo hiyo nilikuwa naona 1,300. Nikaweka ngazi nikapanda. Kivuli cha ghorofa la jirani, lile la upande wa kaskazini, kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa chini wa paneli zote sita. Ukanda mwembamba tu, kama upana wa mkono. Nikajiambia haiwezekani, kivuli kidogo hivi?

Inawezekana, na hapa ndipo wengi tunadanganyika. Tunadhani kivuli kikifunika sehemu ya kumi ya paneli, unapoteza sehemu ya kumi ya umeme. Sivyo. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mstari, moja baada ya nyingine. Fikiria vijana wa mjengo wakipitishiana karai za mchanga mpaka juu. Mmoja akilegea, kasi ya mstari mzima inakuwa yake. Ndiyo maana ndani ya paneli huwekwa daiodi, kwa kawaida tatu, ili kundi la seli lililofunikwa lirukwe na mengine yaendelee. Sasa, kwa paneli za kawaida kama zetu za wati 330 (siyo zile mpya zenye seli zilizokatwa nusu), yale makundi matatu husimama kando kwa kando kwa urefu wa paneli. Fundi wetu alizisimamisha wima. Ukanda ule wa chini ukagusa makundi yote matatu kwa mpigo, hakuna la kubaki likifanya kazi. Angezilaza, kivuli kile kile kingezima kundi moja tu kwa kila paneli. Manze, kulaza tu!

Lakini mbona Januari hatukuona kivuli? Kwa sababu sisi tunaishi karibu na Ikweta na jua letu huhama. Desemba na Januari, saa sita mchana jua liko upande wa kusini. Juni na Julai liko kaskazini. Ghorofa lilikuwepo siku zote, ni jua lililozunguka nyuma yake. Fundi wa hapa anapaswa kujua hilo bila kuuliza simu yake. Aliweka paneli mteremko wa kaskazini kwa sababu vitabu husema tulio kusini mwa Ikweta tuelekee kaskazini. Rongai tuko kusini kwa digrii moja na kitu. Kwa umbali huo, mteremko wowote usiokuwa mkali utafanya kazi vizuri, mradi jua liufikie. Mteremko wa kusini wa mama hauna kivuli mwaka mzima. Ulikuwa pale, mtupu, ukikausha nguo za watoto.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua mafundi wataninunia: fundi anayekupa bei kabla hajapanda juu ya nyumba, mwambie asante, aende. Mwulize leseni ya EPRA. Mwulize kivuli kiko wapi saa tatu, saa sita na saa tisa, halafu mwulize tena kuhusu Juni na Desemba. Akikwambia paneli kumi na nusu ya paa lina kivuli, kubali sita za juani. Kama lazima utumie pande mbili, kila upande uwe na mstari wake na njia yake kwenye inveta, usichanganye. Na usikimbilie kukata mwembe. Angalia kwanza kama kuna upande mwingine wa paa, maana mwembe ukishaenda haurudi, na sebule yako itakuwa tanuri.

Wataalamu wa mtandaoni, mimi nikiwemo, tunapenda kuhesabu wati kwa sababu namba hupendeza kwenye video. Hakuna anayepiga picha ya kivuli.

Ile video nimeifuta. Mlioniamini, niandikieni na picha ya paa lenu saa sita mchana, nitawaangalilia bila malipo, na elfu kumi na tano nimemrudishia mama. Jumamosi tunahamisha paneli. Fundi mpya amepanda mara mbili, ameziba na matundu ya mabati ambayo yule wa kwanza aliacha yakivuja. Mama amemwekea chai chini ya ngazi, lakini pesa amesema atalipa Juni.