Sindano Kwanza, Gramafoni Baadaye

Miongoni mwa watu wanaoanza kusikiliza muziki kwa santuri, imani moja imekita mizizi kiasi kwamba wauzaji huiuza pamoja na bidhaa zao, na wasikilizaji wa siku nyingi huwarithisha wageni bila kuihoji: kwamba ubora wa sauti huamuliwa kwanza na gramafoni, yaani mashine inayoizungusha santuri, na kwamba anayetaka kusikia vizuri zaidi hana budi kuiuza gramafoni yake ya kwanza, pindi mfuko unapomruhusu, ili anunue nyingine yenye bei mara mbili au tatu. Imani hiyo ni potofu na madhara yake si madogo, kwa kuwa imewamalizia fedha watu wasiokuwa nazo nyingi, imewafanya vijana wenye mashine nzuri kabisa wazionee haya, na imeyafunika mambo ya gharama ndogo ambayo ndiyo hasa yanayoamua kitakachofika masikioni.

Asili yake inajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Linn ya Uskochi, ikiongozwa na Ivor Tiefenbrun, iliingiza sokoni gramafoni iitwayo Sondek LP12 na kuitetea kwa hoja kwamba chanzo ndicho kitangulizwe, kwa maana kwamba sauti isiyochukuliwa kutoka kwenye santuri haiwezi kurudishwa na amplifaya wala spika, hata ziwe bora namna gani. Katika wakati wake hoja hiyo ilikuwa na haki, kwani wanunuzi wengi walielekeza fedha zao kwenye spika na kuihesabu gramafoni kuwa kifaa cha kuzungusha tu, na LP12 yenyewe ni mashine iliyoundwa kwa ustadi mkubwa. Kosa liliingia pale sahihisho lilipofanywa sheria. Kwamba kilichopotea mwanzoni hakirudi ni kweli isiyopingika; lakini kutokana na ukweli huo haifuati kwamba kingi hupotea kwenye mashine inayozunguka, wala kwamba fedha zikimwagwa hapo zitaokoa kingi. Penye hasara kubwa hujulikana kwa kupimwa, na vipimo havikubaliani na wauzaji.

Kazi za gramafoni ni tatu: kulizungusha sinia, yaani bamba la mviringo linalobeba santuri, kwa kasi isiyobadilika, kuuzuia mtikisiko wa mota usifike kwenye sindano, na kuushikilia imara mkono unaobeba sindano hiyo. Katika kazi ya kwanza, ambayo ndiyo inayosifiwa zaidi madukani, Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, mashine iliyodharauliwa kwa miaka mingi na wapenda usafi wa sauti kwa kuwa sinia lake huzungushwa na mota moja kwa moja badala ya mkanda na kwa kuwa ilipendwa na wapiga disko, ilitangazwa na watengenezaji wake kuwa kasi yake huyumba kwa asilimia 0.025 tu, ilhali mashine nyingi za bei ya wastani hutangaza asilimia 0.1 hadi 0.2. Tarakimu hizo zilinganishwe na kosa lililomo ndani ya santuri zenyewe. Ikiwa tundu la santuri limekosea katikati kwa nusu milimita, jambo ambalo si geni hata kwa santuri mpya, kasi ya mfuo, yaani mfereji ambamo sindano hupita, ulio milimita 100 kutoka katikati itapanda na kushuka kwa asilimia 0.5 katika kila mzunguko, na kinanda kinachoshikilia noti ndefu kitasikika kikiyumba juu ya mashine ya bei yoyote ile. Kampuni ya Nakamichi ya Japani inastahili heshima, kwani ililiona tatizo hili na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatengeneza gramafoni iliyopima kosa hilo na kuirudisha santuri katikati. Wengine karibu wote waliendelea kuuza masinia mazito zaidi.

Hasara kubwa iko kwenye ncha ya sindano, na hapo ndipo mjadala ungepaswa kuanzia. Santuri ndefu, ile ya inchi 12 iliyoletwa na Columbia mwaka 1948, huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini kwa kuwa duara la nje ni kubwa kuliko la ndani, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 51 kwa sekunde wimbo wa kwanza unapoanza, na kwa takriban sentimita 21 tu wimbo wa mwisho unapomalizika. Maana yake ni kwamba wimbi la sauti nyembamba la hezi 10,000, lililo katika masafa ya sauti za matoazi na za herufi kama s, huchukua mikromita 51 za mfuo kule nje, na mikromita 21 kule ndani, mikromita moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Sindano ya kawaida yenye ncha ya duara, ambayo nusu kipenyo chake ni mikromita 15 hadi 18, haiwezi kuingia katika vipindo vya mfuo vilivyobanana hivyo, nayo huvirukia au kuvisaga, na msikilizaji husikia sauti ya mwimbaji ikikwaruza kadiri upande wa santuri unavyokaribia kwisha. Ncha ya yai, ambayo ubavu wake ni wa mikromita 8 hivi, huingia vizuri zaidi; ncha zilizochongwa kwa ustadi wa juu, zenye ubavu wa takriban mikromita 3, huingia vizuri zaidi tena. Hakuna sinia, mkanda wala mota inayoweza kufanya kazi hiyo kwa niaba ya almasi iliyochongwa vibaya.

Jambo linaloudhi ni kwamba watengenezaji wenyewe wameirahisisha njia. Audio-Technica ya Japani hutengeneza familia ya vichwa vya sindano iitwayo VM95, kichwa kikiwa kile kisanduku kidogo kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme, na mwili wake mmoja hupokea sindano za aina sita, kuanzia ya duara hadi zile za uchongaji wa juu kabisa. Mwenye gramafoni ya wastani anaweza kuchomoa sindano moja na kuchomeka nyingine kwa mkono, bila kugusa kitu kingine. Lakini mtu huyo huyo huambiwa auze mashine nzima, na akinunua mpya husikia kweli tofauti, akaamini kwamba ameithibitisha imani yake, bila kutambua kwamba mashine mpya ilikuja na sindano mpya ambayo haijachakaa na kichwa kilichofungwa sawasawa.

Kufunga sawasawa ni nusu ya kazi. Kwa kuwa mkono huzunguka kwenye egemeo lake ilhali mashine iliyoikata santuri ilikwenda kwa mstari ulionyooka, sindano haiwezi kukaa sambamba na mfuo kila mahali, na mtaalamu wa Uswidi Erik Löfgren aliikokotoa hitilafu hiyo mwaka 1938 na kuonyesha jinsi ya kuipunguza. Hesabu inayotumika zaidi leo huinyoosha sindano kabisa katika sehemu mbili, milimita 66 na milimita 121 hivi kutoka katikati, na kifaa kinachohitajika ni karatasi iliyochorwa kwa vipimo sahihi. Kinahitajika pia kimizani cha kupimia uzito wa sindano juu ya santuri, ambao kwa vichwa vingi vya kisasa ni karibu gramu 2, na hapa wengi hupotoka kwa wema, wakiupunguza uzito kwa kuihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo na kuudhuru zaidi kuliko iliyotulia.

Kwa wakusanyaji wa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya lebo ya HMV, na santuri za enzi ile, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zina mfuo mpana unaodai sindano yenye ncha ya mikromita 76 hivi. Sindano ya santuri ndefu ikiwekwa humo huzama hadi chini, ikakokota vumbi na takataka badala ya kuzigusa kuta zenye sauti, na bei ya gramafoni haitabadilisha lolote. Hali kadhalika santuri ndogo zilizochapwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970, nyingi zikiwa zimechezwa mno kwa sindano nzito, mara nyingi hufufuka zikioshwa na kuchezwa kwa ncha ya umbo jingine inayogusa sehemu ya ukuta ambayo haikuwahi kusagwa. Urithi huo unastahili kusikika, na anayeununulia sinia la kifahari huku akiiacha sindano isiyofaa anauharibu.

Yako mashine ambazo hazifai kununuliwa hata zikiwa za kwanza, hasa zile za mfano wa sanduku la mkononi, zenye spika ndani yake na mkono usiorekebishika, kwa sababu huikandamiza santuri kuliko inavyopaswa na kuitikisa kwa sauti zake zenyewe. Gramafoni ya kwanza inatosha ikiwa ina uzani wa nyuma unaorekebishika, kichwa kinachobadilishika, na pa kukaa palipo imara, mbali na spika. Fedha zinazobaki ziende kwenye spika, ambazo upotoshaji wake katika besi hufikia asilimia moja nzima, ambayo ni mara kadhaa ya kasoro za mota zilizotajwa.

Mtu aliyekwisha kufika hapo, mwenye sindano nzuri iliyofungwa kwa vipimo, santuri safi na spika zinazotosha chumba chake, akiendelea kusikia mngurumo wa mota katika ukimya ulio kati ya wimbo na wimbo, au akipata kichwa ambacho mkono wa mashine yake hauwezi kukibeba, huyo ana sababu halali ya kununua gramafoni nyingine.