MCHEZA KWAO HUTUNZWA
Sanaa, Sadaka na Haki katika Parokia Zetu



Mkulima wa vitunguu wa bonde la Lumuma hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Mnunuzi huja na gunia lake, hulijaza hadi mdomoni, kisha huongeza kilemba cha wavu juu yake, hushona kwa kamba, na hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, nasi tunaikemea kwa haki kabisa, kwa sababu ni jasho la mtu linaloibwa mchana kweupe.

Lakini iko lumbesa nyingine ambayo hatuikemei, kwa kuwa haifanyiki sokoni bali katika ua wa kanisa. Ni lumbesa anayotendewa mchongaji wa misalaba, mfinyanzi wa vyungu, mshonaji wa mavazi ya ibada, mchoraji wa kuta zetu na mtunzi wa nyimbo zetu. Huagizwa kazi ya mwezi mzima, siku ya kuikabidhi hupigiwa makofi, hupigiwa na vigelegele, kisha huambiwa: “Mungu atakulipa.”

Sisi tunasema wazi: maneno hayo yanapotoka kinywani mwa mwenye deni si baraka. Ni dhuluma iliyovikwa kanzu nyeupe. Nasi tunayasema haya kwa ajili ya kuitetea sadaka. Maana kazi ya sanaa ni kweli tendo la upendo na la imani, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kuporwa.

Bezaleli na matofali ya Farao

Tukifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunakuta jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mungu anataka hema ya kukutania na watu wake. Anamwita kwa jina fundi mmoja, Bezaleli wa kabila la Yuda, na kumpa msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Maandiko yasema kwamba fundi huyo alijazwa roho ya Mungu. Na alijazwa kwa kusudi gani? Hakupewa roho ile ili atabiri wala aongoze jeshi. Alipewa ili afue dhahabu, fedha na shaba, akate vito na kuchonga miti. Kumbe ustadi wa mikono ni karama ya Roho, kama ilivyo karama ya kuhubiri.

Tusonge mbele hadi sura ya 35 na ya 36. Watu wanaleta matoleo, kila mmoja kadiri moyo wake ulivyomsukuma. Wanaleta mno, hata Musa analazimika kupiga mbiu kambini kwamba wasilete tena.

Watu hao ni akina nani? Ni wale wale ambao muda mfupi kabla walikuwa wakifyatua matofali ya Farao kwa fimbo ya msimamizi. Mikono ni ile ile, na ustadi wao hawakuuacha Misri. Kilichobadilika ni kwamba Misri walifanya kazi kwa kulazimishwa, na jangwani walifanya kazi kwa hiari. Ya kwanza Maandiko yaiita utumwa, na ya pili yaiita sadaka. Basi, parokia inayomfanyisha fundi kazi kwa kumwonea haya, kwa kumtisha au kwa kumnyima nafasi ya kusema hapana, isijidanganye kwamba inajenga hema ya Bwana. Imemrudisha fundi Misri.

Tusisahau pia kwamba Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala. Kabla ya kuhubiri mlimani alikuwa kijana wa Nazareti, nchi ya mafundi na wakulima, naye alijua uzito wa nyundo na uchovu wa jioni.

Mtazameni mama mfinyanzi. Huchagua udongo, huutwanga, hutoa vijiwe, huukanda, huupandisha pole pole kwa viganja, huulainisha kwa jiwe, kisha huukabidhi moto. Sehemu ya ndani ya chungu hakuna atakayeisifu. Lakini mama huyu huilainisha sawasawa na ya nje, kwa maana mtu atakula humo. Huo ndio upendo: uangalifu kwa ajili ya mtu usiyemjua bado. Na uangalifu huo, ukifanywa mbele ya Mungu, ni sala.

Wale wasemao kwamba sanaa yetu si ya Kanisa

Wapo wanaotupinga tangu hapa. Wanasema: “Chungu ni cha jikoni, ngoma ni ya ukoo, kanisani tulete vitu vitakatifu.” Na kwao kitu kitakatifu maana yake ni kile kilichotoka mbali, kimepakwa rangi ya kiwandani na kuletwa ndani ya boksi.

Tunawajibu kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba Kanisa halikuwahi kuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa mali yake, na kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima unayostahili katika ibada. Mwaka huo huo wa 1963 Padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na mwezi Julai 1969, huko Kampala, Papa Paulo VI aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo ulio wa Kiafrika.

Haya si ya vitabuni tu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianza katika miaka ya 1950 kuyapokea mapokeo ya Wasukuma ndani ya nyumba ya Mungu. Kanisa la pale limechukua umbo la nyumba za watemi, na ngoma za Bulabo zimefungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Wasukuma hawakupoteza imani kwa hilo. Walimtambua Kristo kuwa Mtemi wao.

Sisi hatuzidharau sanamu za plasta walizotuachia wamisionari. Mbele yake babu na bibi zetu walijifunza kusali, nazo zitunzwe kwa heshima. Tunachokikataa ni fikra kwamba Bikira Maria mwenye uso wa Kizungu ni Mama wa Mungu, bali mwenye uso wa mama wa Kikaguru au wa Kisagara ni kinyago. Wahenga walisema kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Nasi tumegeuza methali hiyo kuwa ugonjwa, tukawa hatuheshimu chochote isipokuwa kilichochongwa na wengine. Huko ni kulikana fumbo la Umwilisho. Neno alitwaa mwili katika kijiji chenye jina na kati ya watu wenye lugha na desturi zao. Hakuona haya.

Picha zilizochorwa wakati wa damu

Wengine husema kwamba sanaa ni pambo la siku za raha. Historia yawasuta. Mtanzania Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, Mkristo wa Kilutheri, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha tano kubwa katika kanisa la Kianglikana la Murang’a, nchini Kenya. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau. Njau hakuchora Palestina ya mbali. Alimchora Bwana akizaliwa, akibatizwa, akila karamu ya mwisho, akiomba Gethsemane na akisulubiwa katika milima na mashamba ya nchi ile ile iliyokuwa imelowa damu. Watu waliofiwa walimwona Kristo akiteswa katika ardhi yao.

Nasi wa Kilosa tunayo majeraha yetu. Mwezi Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Tumefanya mikutano mingi juu ya mipaka na malisho, na ni vema. Lakini je, ni altare ngapi zetu ambapo chungu cha mama wa Kikaguru na shanga za mama wa Kimaasai vimewekwa pamoja, kila kimoja kikiwa kimenunuliwa kwa bei ya haki? Amani huhubiriwa pia kwa macho. Anayeona kazi ya mikono ya jirani yake ikiheshimiwa mbele ya Mungu hawezi kirahisi kumwita jirani huyo mnyama.

Wale wasemao kwamba maskini kwanza

Wapo wengine, na hawa wengi wao wana moyo safi. Wanauliza: wapi pa kupata fedha za sanaa, hali mtoto anakaa chini darasani na zahanati haina dawa? Swali hili liliulizwa pia Bethania, juu ya marhamu ya dinari 300. Naye Yohane anatueleza kwamba mwulizaji alikuwa akiiba kutoka mfukoni. Hatumwiti kila mwulizaji Yuda. Lakini twamwomba atazame vizuri: huyo maskini anayemtetea ni nani?

Fundi mwenyewe ndiye maskini huyo. Fedha anayolipwa mchongaji wa kijijini hununua unga na madaftari hapa hapa. Fedha inayopelekwa dukani mjini kununua sanamu ya kiwandani hairudi. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, Mmaryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam ili vijana wasio na kipato, wakiwamo wenye ulemavu, wale kwa kazi ya mikono yao. Hapo alifanya kazi George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005 baada ya kazi zake kujulikana Ulaya, Marekani na Japani. Dunia ilitambua thamani ambayo pengine jirani zake hawakuiona.

Tena, Mtaguso haukudai gharama. Uliwataka maaskofu watafute uzuri wenye adabu kuliko fahari tupu. Kanisa la udongo lenye msalaba mmoja uliochongwa vema lina utukufu kuliko jengo kubwa lililojaa maua ya plastiki.

Wale wasemao kwamba ni sadaka

Tumefika penye kidonda. Mwenyekiti anamwambia fundi: “Hii ni kazi ya Mungu, wewe unadai nini?” Lakini mwuza saruji alilipwa. Mwuza mabati alilipwa, tena mapema. Hakuna aliyemwambia dereva wa lori kwamba Mungu atamlipa. Kwa nini basi sadaka ya lazima imwangukie fundi peke yake? Ni kwa sababu tumeshawishika kwamba kazi yake si kazi, na kwamba apendaye anachokifanya hana njaa.

Mtunzi wa nyimbo ana hali mbaya zaidi. Kwaya huimba wimbo wake, huurekodi na kuuza kanda. Leo huusambaza kwa simu. Jina lake halitajwi. Tangu mwaka 1999 nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayomlinda mtunzi. Inasikitisha Serikali ikijua haki hiyo nalo Kanisa likajifanya halijui. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chakataza ujira wa kibarua ulale kwetu hadi asubuhi. Mtume Yakobo, sura ya 5, anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi mbinguni. Hakuna mahali wanapotoa ruhusa ya pekee kwa halmashauri za parokia.

Sadaka hutolewa, haitozwi. Asiyeweza kukataa hajatoa kitu, amenyang’anywa.

Kwa upande wa pili, haki ina mikono miwili. Fundi anayepokea malipo ya awali kisha akatoweka, au anayelipua kazi kwa kuwa “ni ya kanisa tu”, naye ametenda dhambi. Upendo wake utajulikana katika ubora wa kazi yake.

Tunachokidai

Kwanza, kila kazi iandikiwe mapatano kabla ya kuanza: ni kazi gani, kwa muda gani, kwa malipo gani.

Pili, fundi alipwe siku anayokabidhi. Akitaka kutoa sadaka, na alipwe kwanza mkononi, kisha arudishe mwenyewe kiasi apendacho, kwa hiari yake, mbele ya altare. Hapo Mungu atapokea zawadi ya mtu huru.

Tatu, mtunzi aombwe ruhusa, na jina lake liandikwe katika kila karatasi na kila rekodi.

Nne, kabla ya kuagiza chochote mbali, viongozi waulize katika Jumuiya Ndogo Ndogo: kwetu yupo nani awezaye?

Tano, kila parokia iwaweke vijana karibu na mafundi wazee, kabla ustadi wao haujazikwa pamoja nao.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya: Je, parokia yetu inadaiwa na fundi gani, na tangu lini? Nyimbo tulizoimba Dominika iliyopita zilitungwa na nani? Ni kitu gani katika kanisa letu kilichotengenezwa na mikono ya Lumuma?

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu. Isiwe kwamba mtu wetu anatunzwa kila mahali anapocheza, isipokuwa katika nyumba ya Baba yake.