Nani Aliyeutwaa Usiku wa Malenga?

Mwezi uliopita nilikuwa Kitale, mji wenye baridi ambayo sisi watu wa pwani huisikia tu katika taarifa za hali ya hewa. Nilikwenda kumzuru mwalimu mmoja mzaliwa wa Bungoma, ambaye wapenzi wa mashairi watamkumbuka kwa beti zake zilizotimia vina na mizani kana kwamba alilelewa Kibokoni. Jina lake silitaji, kwani mwenyewe hapendi. Nililotaka kulijua lilikuwa moja tu: mbona amenyamaza?

Jibu nililipata usiku ule ule wa kwanza, bila ya kuuliza. Tulikuwa tumekaa baada ya chakula, chai i mbele yetu, naye akanifungulia daftari lake. Mlikuwa na mistari miwili ya ubeti mmoja. "Hii ina miezi saba, Mzee," akaniambia. Kabla sijausoma mstari wa pili, simu yake ikalia. Walimu wenzake walikuwa wakiulizana juu ya alama za wanafunzi ambazo sharti ziingizwe katika mtandao wa baraza la mitihani. Ikalia tena: wazazi. Tena: mchango wa matanga. Tena: mtu asiyemjua, amtumia kichekesho. Nilihesabu mara kumi na tisa kabla ya chai kupoa, na kila mara mwalimu aliinama kuitazama, kisha akaniomba radhi.

Asiyetunga huenda asiione hasara. Lakini mwenye kutunga hubeba mengi kichwani kwa wakati mmoja: kina cha kati, kina cha mwisho, mizani kumi na sita, na juu ya yote hayo ile maana aliyoianza. Ni sawa na mtu aliyebeba chano cha vikombe vilivyojaa. Akiitwa akageuka, vikombe vi chini. Chuoni, tulipokuwa tukihifadhi, mwalimu wetu hakuturuhusu hata kumwitikia mpita njia mpaka aya iishe, nasi tukidhani ni ukali wake tu.

Kuna waliodhani kwamba dawa ya haya ni sheria. Seneta wa Nandi, Bwana Samson Cherargei, alipeleka katika Seneti Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Ajira wa mwaka 2022, uliokusudia kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu wala ujumbe wa mwajiri wake baada ya saa za kazi. Waajiri, kupitia shirikisho lao, waliupinga. Jambo lenyewe si geni duniani: Ufaransa ilianza kulitekeleza Januari 1, 2017, na Australia ikafuata Agosti 2024. Na tusisahau kwamba Sheria ya Ajira tuliyo nayo, ya mwaka 2007, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku hiyo leo iko wapi? Mwili uko nyumbani, lakini mkono u kazini.

Mimi nauunga mkono mswada wa namna hiyo. Hata hivyo, nilipozitazama zile mara kumi na tisa, niliona kwamba mwajiri, tukimtia makosani, tutamkuta na tatu au nne tu. Zilizobaki ni zetu wenyewe. Hakuna seneta atakayemkataza binamu kutuma kichekesho saa nne za usiku. Na mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia, au fundi wa jua kali, ambaye hana mwajiri wala mkataba, atamshitaki nani?

Siku ya pili tulishuka Bungoma kwenye matanga. Huko Wabukusu wana sanaa ambayo natamani kila malenga wa Mombasa na Lamu aisikie walau mara moja. Afapo mzee wa heshima, husimama msemaji maalumu, mwenye haki hiyo kwa ukoo wake, akawasimulia waliofiwa habari za koo, za wahenga na za mauti yenyewe, kwa saa nyingi, bila ya karatasi. Desturi hiyo huiita kuswala kumuse. Mzee mmoja alinieleza kwamba hivi karibuni msemaji alianza, vijana wakamzunguka na simu zao wakimpiga picha. Yule mzee akanyamaza. Hakugomba. Alinyamaza mpaka simu zote zikashushwa, ndipo akaendelea. Nilimwuliza: je, si vizuri yahifadhiwe? Akanijibu kwamba wanaorekodi hawasikilizi, kwa kuwa wanajua watasikiliza kesho, na kesho hawasikilizi.

Lakini sitaki niwe kama wale wanaodai kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa. Marehemu Ken Walibora, aliyefariki Aprili 10, 2020, alizaliwa Bungoma na kukulia upande wa Kitale, na riwaya yake ya Siku Njema, ambayo shujaa wake Kongowea anatoka Tanga akaja mpaka Kitale kumtafuta babake, ilitoka mwaka 1996, kabla simu hazijatuingia mifukoni. Vema. Ila Kidagaa Kimemwozea kilitoka mwaka 2012, Walibora akiwa na kazi nyingi na simu kama sisi. Kwa hiyo yawezekana.

Nilipoyasema haya tuliporudi, mke wa mwalimu alicheka. "Shemeji," akasema, "nyinyi mnalilia usiku ulioibwa. Mimi usiku wangu sijawahi kuwa nao. Kabla ya simu kulikuwa na watoto, na kabla ya watoto kulikuwa na kuni." Sikuwa na jibu. Nikanywa chai.

Na kuna jambo nililolificha hadi hapa, ndugu msomaji. Katika zile mara kumi na tisa, moja ilikuwa yangu. Kabla ya kuondoka Mombasa niliwatumia malenga kadha ujumbe wa kuwakumbusha mashairi ya Jumamosi, na mwalimu mmojawao. Wa kwake ulikwama njiani, ukaingia usiku ule mimi nikiwa mbele yake. Aliusoma, akanitazama, akatabasamu. Mimi nami nina mhariri anayetaka makala, kisha picha ya kusema, kisha muhtasari wa kuwekwa mtandaoni, vyote kabla ya alasiri. Nilikuwa nimempitishia mwalimu mzigo niliopitishiwa.

Tulikubaliana hivi: simu yake atakuwa akiiacha dukani kwa jirani toka magharibi mpaka saa tatu, siku mbili kwa juma, na mashairi yake hatayaleta kwa simu tena, bali kwa bahasha katika basi la Mombasa. Mimi nami sitamkumbusha.

Bahasha imefika Jumanne. Mna beti tatu kamili. Ya nne haina kituo.